Kahawa ya Mapera Iliyoshushwa Liuli

Nakumbuka asubuhi moja ya Juni hapa Mapera, mwanangu, ukungu umetukalia na kahawa yetu yote ya mwaka iko kichanjani, imeoshwa lakini bado mbichi. Roho haikutulia. Kila mara nilikwenda kuinusa, naogopa kuvu. Ilikuwa miaka ile wanunuzi binafsi walipoanza kuingia. Chama cha ushirika kilikuwa kimezoea kutungoja mpaka kahawa ikauke. Wanunuzi hawa walikuja na lori, wakachagua, wakaenda zao. Mmoja alisema atapita Jumamosi.

Baba yako akakata shauri kuishusha Liuli kwa mjomba wako, maana jua la ziwani halina mchezo.

"Kahawa hii imekomaa taratibu kwa baridi," bibi yako alimwambia. "Ukiikausha kwa pupa utaiua ladha."

"Mama, itaoza!"

Mimi, mtoto wa ziwani niliyeolewa mlimani, na mwoga wa kuzaliwa, niliona wote wanasema kweli. Mwishowe wakagawana. Nusu ikashuka, nusu tukabaki nayo, tukiifunika mikeka ukungu ukizidi na kuifunua jua likichungulia.

Jumamosi ile, nusu ya Liuli ilirudi imekauka kau. Baba yako alivyotamba! Mnunuzi akakaanga kidogo, akasaga, akamimina maji ya moto, akafyonza kwa kelele, akatema. Akauliza kama tunaivua kwa nyavu. Kumbe ilianikwa mchangani kando ya dagaa wa usipa, maganda yamepasuka kwa joto, na ule uchachu mtamu wa mlimani umepotea. Ya bibi yako akaing'ata, bado laini, haijakauka. Akaondoka bila kununua hata gunia moja. Nililia, sikufichi.

Tukaendelea kuigeuza kwa wasiwasi mpaka lori jingine lilipokuja. Mnunuzi wa lori hilo alionja ile ya bibi yako, akaonja tena. Akauliza imelimwa mlima gani, akaichukua yote. Ile ya Liuli hakuna aliyeitaka.

Sasa nasikia unataka kukata miti ya kivuli ili upande mahindi zaidi. Silali, mwanangu. Joto likiingia shambani, kahawa itaiva haraka mtini kabla haijapata utamu, na hapo hakuna kichanja cha kuiponya. Usikate. Wanaopanda mlima huu kutafuta kahawa wanafuata baridi yetu, na baridi hainunuliwi dukani.

Mungu akupe moyo wa kungoja, akuepushe na haraka ya baba yako, na wajukuu zangu wavune hapahapa.