Ouma Alivyokuja Kuchorwa

Sikuota, wala sikuwa nimekunywa. Ilikuwa mchana, jua la Migori likiwaka, na anayetaka kusema ninatunga aseme. Nimeshazoea.

Mimi huchora sura za watu juu ya mbao, kwa rangi iliyochanganywa na nta ya nyuki. Nilijifunza kwa picha za Misri ya kale. Huko walichora uso wa mtu na kuufunga juu ya maiti yake, macho wazi, yakikutazama kama mtu aliye na swali. Nami nikaanza kuchora hivyo watu wa sokoni, wazima. Wengi hawakupenda. Pasta mmoja aliniambia ninaita jachien, mzuka wa mfu. Nikamjibu huyo mzuka akija nitamchora pia.

Basi, akaja.

Aliingia kijana mwenye tope jekundu hadi magotini, kama wachimba dhahabu wa Macalder. "Dada, nichore. Naitwa Ouma. Mama yangu anauza dagaa wa omena Muhuru Bay, umpelekee." Kwenye paji lake, upande wa kushoto, palikuwa na jeraha lililopasuka lakini halikutoa damu. Nilitaka kuliruka, kwa heshima.

"Usiliache," akasema. "Nichore vile niko."

Unajua nta ya moto inavyonukia? Siku hiyo nilisikia harufu ya udongo tu, udongo mbichi wa shimoni. Hakupepesa macho hata mara moja. Niligeuka kupasha rangi moto; kurudisha uso, kiti kitupu! Sakafu kavu, hakuna alama ya tope. Ungekuwa wewe, ungefanya nini? Nilitamani kukimbia, naam. Lakini picha niliimaliza.

Kule Muhuru Bay mama yake alipoiona aliangusha ungo wa omena. "Nyathina! Mwanangu!" Akanieleza kwamba Ouma alitoweka mwaka jana, na mwenye shimo alikokuwa akichimba akatangaza kuwa ameiba dhahabu na kukimbilia Tanzania. Tangu hapo majirani hawakununua omena kwa mama wa mwizi.

Habari za picha zikamfikia mwenye shimo. Akaja mwenyewe kwa Mama Ouma, nami bado niko huko, majirani wamejaa uani, akaamuru ubao uchomwe. "Huu ni uchawi! Huyu mwanamke hajawahi kumwona Ouma!"

"Uichome pamoja na mimi," nikamwambia, nimeikumbatia kifuani.

Akasogea kuninyang'anya. Ndipo akaiona vizuri. Sauti ikamshuka. "Nani alikuonyesha hilo jeraha?"

Mama Ouma akasimama mbele yake. "Na wewe ulilionea wapi?"

Hakuwa na pa kutokea. Akakiri mbele ya wote: shimo liliporomoka, jiwe likampiga Ouma, na yeye mwenye shimo akalifukia na mtu ndani ili wakubwa wa serikali wasije kulifunga. Tulipolifukua lilikuwa limejaa maji, mwili haukupatikana. Tukazika tunda refu la mti wa yago badala ya mwili, kama desturi ya Wajaluo ilivyo, na mama akailaza picha juu ya tunda, macho wazi.

Mimi nilifukuzwa kwenye nyumba niliyopanga; mwenye nyumba aliogopa mizuka. Sasa niko Homa Bay. Wateja wazima wamepungua; wale wengine wameongezeka. Siogopi? Naogopa sana, niamini. Lakini nachora.

Kwa hiyo wewe uliyemfukia mtu ukasema amesafiri, sikia: mlango wangu sifungi, na nta iko motoni.