Nguzo Iliyokwenda kwa Salvatori

Tangu apate akili, Nyanzala wa Majengo hajawahi kununua kitu kwa bei ya kwanza. Somo hilo alipewa na baba yake, mzee Manyanda, aliyeswaga ng'ombe kutoka Shinyanga mpaka Katavi, na darasa lilikuwa mnadani: bei ya kwanza unaikataa, unageuza mgongo, unaondoka polepole. Ukifika hatua ya tatu, utaitwa. Kwa hatua hizo tatu Nyanzala alipata kiwanja, akaezeka nyumba, akasomesha watoto wawili.

Riziki yake ilikuwa petroli ya chupa. Halafu pikipiki za umeme zikaingia Mpanda, zikawa zinapita mbele ya meza yake kimya kimya kama paka, hata adabu ya kupiga honi hazina. Chupa zikaanza kushika vumbi. Aliposikia kuna kampuni inatafuta nyumba za kuwekewa nguzo za kuchajia mitaani, hakuhitaji kufikiri sana: pikipiki ikichaji, dereva anakaa, anayekaa anakula. Angeacha chupa, angepika chapati. Nguzo ile aliitaka kuliko kitu chochote alichowahi kukitaka.

Kwa hiyo Aloyce, fundi wa kampuni, alipobisha hodi na kishikwambi chake mkononi, Nyanzala alimpokea kwa uso wa mfiwa.

"Mti wa umeme ukutani kwangu? Si utaniitia radi?"

"Hapana mama, ina waya wa ardhini."

"Na hao madereva wako, watakuwa wanakojoa wapi?"

Aloyce alikuna kichwa. "Kwa hiyo mama, hutaki?"

"Sitaki!"

Akageuza mgongo. Hatua ya kwanza. Ya pili. Ya tatu.

"Haya mama, samahani kwa usumbufu."

Nyanzala alitabasamu huku anaingia ndani. Huyu naye kajifunza mnadani, alijisemea. Atarudi kesho na bei nzuri. Kesho yake akatoa nje kiti kizuri, akakipangusa, akangoja. Siku ya tatu akasikia sururu. Mafundi walikuwa wanachimba kwa jirani, kwa Salvatori.

Alifika pale khanga ikiburuzika. "We Aloyce! Si tulikuwa tunaongea?"

"Mama, si ulisema hutaki?"

"Sasa ulitaka nianze na kusema nini?"

"Humu kuna ndiyo na hapana tu," Aloyce alisema, akimwonyesha kioo cha kishikwambi. "Nilibonyeza hapana. Ikishabonyezwa hairudi."

Kilichomuuma zaidi ni aliyepewa. Salvatori alikuwa mkulima mwenye shamba Magamba, mtoto wa Warundi waliokuja zamani wakapata uraia, na mtaa mzima ulimjua kuwa hajui kupatana bei. Nyanzala mwenyewe aliwahi kumuuzia baiskeli isiyo na breki kwa bei ya kwanza, akamcheka mwaka mzima. Nguzo nayo Salvatori aliikubali kabla Aloyce hajamaliza salamu.

Wiki mbili baadaye madereva walijaa kwa Salvatori wakipiga miayo, na chai hakuna. Nyanzala aliwaangalia kutoka kwenye chupa zake mpaka akashindwa. Akavuka.

"Baba Odeta, nakuonea huruma. Hawa watu wanakuchafulia uwanja. Niache nikae hapo upenuni, niwe nakufagilia."

Salvatori alikuwa anapukuchua mahindi. "Hapana, mama Malale."

"Hapana ya nini?"

"Kufagia nafagia mwenyewe."

Kumbe naye kajifunza! Nyanzala akageuza mgongo. Hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne. Alipofika kwenye bomba la maji akainama kurekebisha kandambili isiyo na tatizo lolote. Nyuma yake alisikia mahindi yakidondoka kwenye beseni, basi.

Siku hiyo, kwa mara ya kwanza maishani mwake, Nyanzala alirudi bila kuitwa.

"Mbona huniiti?"

"Nikuite wapi? Si umeondoka?"

"Salvatori, wewe ni mtu wa namna gani?"

"Wewe unataka nini, mama Malale? Sema."

Nyanzala alivua kandambili, akaivaa tena. "Nataka upenu wako. Niuze chai na chapati. Wewe na mama Odeta mtakunywa kwangu kila asubuhi, chai na chapati mbilimb..."

"Ndiyo," alisema Salvatori. "Kesho lete jiko."

Nyanzala alivuka kurudi kwake akiwa amepata kila alichokitaka, na roho haikutulia hata kidogo. Ndiyo gani inakuja upesi hivyo? Hakika alikuwa amepunjwa. Alikanda unga jioni ile akijilaumu: angeanza na chai kavu.