Kadi ya Mwalimu na Kiapo cha Shemeji

Mtaani walimwita Kinyaa, na jina lilimkaa sawasawa. Tangu utotoni hakuweza kunywa kwenye kikombe chenye alama ya mdomo wa mtu, wala kulalia mto wa mwenzake. Baba yake alikuwa na bucha, akataka kumrithisha kisu. Kinyaa alidumu asubuhi moja tu. Alitapika kwenye ndoo ya matumbo, baba akamtoa mbio kabla wateja hawajakimbia. Akaenda kujifunza ufundi wa kompyuta. Alijiambia kwamba mashine haitoki jasho, haitemi mate, haina matumbo.

Maskini, hakujua. Watu hula juu ya kompyuta, huikoholea, hukatia kucha juu yake, na uchafu wote huo huteremka ndani ukamsubiri fundi. Kinyaa alivaa glavu, akajifunga kitambaa puani, na kila kifuniko kilipofunguka alisonya. Lakini kazi aliijua. Aliifanyia kwenye chumba kimoja na shemeji yake, kaka wa mkewe: Kinyaa nyuma ya pazia akitengeneza, shemeji mbele akiuza. Shemeji alikuwa na ulimi wa asali. Angeweza kumuuzia samaki maji.

Asubuhi moja aliingia mwalimu mstaafu, mkono wa kushoto umelegea ubavuni, nyuma yake jirani kambebea gunia lenye sipiyu, lile boksi la kompyuta, na usukani mdogo wa gemu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, fundi. Hii mashine inanidhalilisha."

Kiharusi kilikuwa kimempiga, mkono ukalala. Mtaalamu wa mazoezi hospitalini akamshauri acheze gemu ya magari kila siku, ashike usukani mdogo kwa vidole vilevile vilivyogoma. Basi akanunua kompyuta ya gemu.

"Nikikata kona, picha inaganda," alisema Mwalimu. "Ikizinduka, niko mtaroni. Nikadhani ni mkono. Muda wote huu naulaumu mkono wangu."

Kinyaa akaiwasha aone mwenyewe. Gari lilisogea, likasita, likaruka, kama mbuzi anayeburutwa kwa kamba. Feni ikaanza kulia. Kisha harufu ikamfikia: vumbi lililoungua, na juu yake kitu kama mafuta ya kukaangia yaliyochacha.

"Mwalimu, inakaa wapi hii?"

"Jikoni. Ndiko kuna soketi nzima."

Kinyaa alifumba macho kidogo, akashika bisibisi.

Ndani, vumbi na mafuta vilishikana vikawa blanketi la kijivu lenye nywele. Chini ya blanketi walikaa mende, wazima kwa wafu, na mayai yao yamegandamana kwenye feni. Mmoja mnene akampanda mkononi, akaingia kwenye shati. Kinyaa alipiga ukelele uliowashtua wateja wa mbele, akavua shati, akatoka hadi mtaroni, akatema mpaka koo likakauka. Akarudi. Akapuliza, akasugua kwa brashi na spiriti, akakwangua dawa ya kupitishia joto iliyokauka kama ukoko wa uji, akapaka mpya.

Alipofika kwenye kadi ya picha, ile inayochora kila kinachoonekana kwenye skrini, aliifuta nayo. Stika yake ya dhahabu, yenye jina la kadi kubwa, ikateleza ikabaki kwenye kitambaa. Chini yake kulikuwa na jina jingine, la kadi dhaifu ya zamani, ya kuandikia barua za ofisini. Hata kompyuta ilikuwa imefundishwa uongo: ukiiuliza, inakutajia lile jina kubwa.

Gundi ilikuwa bado mbichi mbichi. Na rola ya stika kama hizo Kinyaa alishaiona kwenye droo ya shemeji, akaambiwa ni mapambo ya dirisha.

"Mwalimu, ulinunua wapi?" aliuliza akichungulia kwenye pazia, ingawa jibu alishalijua.

"Si hapahapa? Kwa shemeji yako. Akaniapia kwa kaburi la mama yake kwamba inavuta gemu yoyote."

Mama huyo, mkwe wa Kinyaa, alikuwa mzima wa afya. Jumapili iliyopita alikula kwa Kinyaa, akilalamikia chumvi.

Kinyaa alimvuta shemeji nyuma ya pazia, akamwonyesha kitambaa.

"Aa, shemeji," alicheka yule, "mtu mwenyewe mkono mmoja. Ikikwama atasema ni ugonjwa. Nani atajua?"

Kinyaa alimtazama meno. Mende alikuwa amempanda kifuani, naye hakusikia kinyaa kama alichokisikia sasa. Kilichomkera zaidi ni kile kicheko, kilivyotoka chepesi, kama cha mtu aliyesimulia kisa cha harusi.

Alitoka, akamwambia Mwalimu ukweli mbele ya wateja wote: kadi ni ya uongo, nguvu haina, naye atafanya linalowezekana. Shemeji akageukia dirisha, akajifanya anapanga chaja.

Kinyaa akamwongezea Mwalimu ram, kumbukumbu ya kompyuta, kutoka rafu yake. Akafunga programu zilizojiwasha zenyewe na kula nguvu kimyakimya. Akaingia kwenye setingi za gemu: akapunguza ukubwa wa picha, akazima vivuli, moshi na mng'ao wa vioo, akabana kasi ya picha iende polepole lakini sawasawa.

"Miti itafanana na fagio, na watazamaji watakuwa kama magunia," alimwambia. "Ila barabara haitakukatikia."

Mwalimu akakaa. Vidole vya kushoto vikajikunja kwenye usukani, kimoja kimoja, kwa taabu. Kona ikaja. Gari likapinda, likapita.

"Kumbe si mkono," alisema taratibu. Akairudia kona ileile. "Kumbe si mkono!"

Nyumbani, mke wa Kinyaa alisikiliza, akainama. "Ni kaka yangu," alisema tu. Lakini asubuhi alimpigia mama yake simu, na kabla ya jua kukolea bibi huyo alikuwa mlangoni mwa duka, mkoba kwapani.

"Nimesikia nina kaburi," alimwambia mwanawe, wateja wakisikia. "Nionyeshe lilipo, mwanangu, nikalipalilie. Au kila mtu ananizika ila mimi sijaambiwa?"

"Mama, ni maneno ya biashara tu..."

"Mpe Mwalimu kadi ya kweli. Sitoki hapa."

Akaketi kwenye kiti cha wateja, akasimamia mpaka Mwalimu alipoitwa na mashine yake, na kadi nzuri ikatoka kwenye kabati la shemeji ikafungwa humo. Mwalimu alishukuru kwa adabu, bila kumpa shemeji mkono.

Kinyaa alihamishia vifaa vyake kwenye chumba upande wa pili wa barabara. Kinavuja, lakini kina sinki. Wateja wa shemeji humletea mashine zenye stika za dhahabu, naye huzibandua huku akisonya. Shemeji humpungia kutoka ng'ambo, "Mambo, shemeji!" kana kwamba hakuna kilichotokea. Kinyaa huitikia, kwa sababu ya mkewe. Kisha huenda kwenye sinki, hufungua bomba, hunawa hadi viwikoni.