Sombe Haikuungua

Harufu ya sombe, majani ya muhogo, inayochemka na mawese hunitia hasira mpaka leo, na hapa Matonge, mtaa wa Wakongo mjini Brussels, huwezi kuikwepa. Inatoka madirishani juu ya saluni, inakufuata barabara ya Chaussée d'Ixelles hadi kwenye ngazi za metro. Wenzangu wakiisikia humeza mate. Mimi hukunja uso, na nitawaambia kwa nini.

Nilikuwa na miaka minane. Mama alisuka nywele katika saluni moja ya mtaa huu, nami baada ya shule nilikaa pembeni na madaftari yangu nikisikiliza ya wakubwa. Mwaka huo chama chao cha kule Kongo kilikuwa na mchujo wa kumpata mgombea urais, na tawi la Brussels lilikuwa na kura yake. Wanaume walikwisha kuamua: mzee yule yule wa siku zote. Saluni ilikuwa na habari nyingine.

"Huyu muzee tulisha muchoka, bon," mteja mmoja alisema huku Mama akimvuta nywele. "Kule Bukavu hakuna muntu anamutaka. Dada yangu ananiambia kila siku ku téléphone."

Walimtaka mwalimu mmoja mwanamke, ambaye ndugu zao kule walimjua kwa jina na kwa sura. Mama alisuka, akasikiliza, akawashawishi mmoja mmoja. Kufikia Jumapili ya mkutano, wanawake kumi na wanne walikuwa wameahidi kuinua mikono, na hao walitosha kushinda.

Katika mikutano ile wanawake walipika na wanaume walisema. Safari hii Mama alikataa wakae jikoni. Wakapika alfajiri majumbani, wakaacha sufuria zipate moto kwenye jiko la nyuma ya ukumbi wa parokia, kisha wakaja kukaa safu mbili za mbele na vitenge vyao vya kanisani. Mimi nilikuwa nikicheza kwenye korido, na hapo ndipo Tonton Faustin, mjomba wa watoto wote na mwenyekiti wa tawi, aliponikuta. Hakukosa peremende mfukoni mtu yule.

"Maman kidogo, kimbia uambie maman yako sombe inaungua. Vite, vite!"

Nilikimbia. Nilimnong'oneza Mama sikioni, kwa adabu, kama nilivyofunzwa: Tonton Faustin anasema sombe inaungua. Mama akaruka: "Sombe inaungua!" Wote kumi na wanne wakainuka, viti vikagongana, wakakimbilia jikoni.

Mama alifunua sufuria. Jiko lilikuwa limezimwa. Sombe ilikuwa imetulia, mafuta yameelea juu, hakuna hata dalili ya moshi. Halafu tukasikia makofi ukumbini. Mikono ilikwisha kuinuliwa na kuhesabiwa, na mzee alikuwa ameshinda.

"Alors, nani alikuambia inaungua?" mmoja aliuliza, na wengine wakamgeukia Mama.

Mama alinitazama. Aliniwekea mkono kichwani, mkono ulionuka mafuta ya nywele.

"Hakuna muntu. Ni miye mwenyewe nilisikia harufu."

Nilikasirika! Habari nimeileta mimi, sifa anachukua yeye. Nilinuna hadi nyumbani. Wiki zilizofuata wateja walipungua. Walisema Mama amewauza. Yeye alisuka wachache waliobaki, bila kujitetea, na mimi mjinga niliendelea kula peremende za Tonton Faustin.

Nilikuwa mkubwa nilipoelewa. Angelitaja jina la yule mtu, wangeniita ukumbini kuwa shahidi, mtoto wa miaka minane mbele ya mwenyekiti, na yeye angecheka na kusema mtoto anaota. Lawama yote ingebaki kwangu. Mama aliibeba yeye. Namshukuru, na bado hasira haijanitoka: kwa mtu mzima aliyetumia mdomo wa mtoto, na kwa wote waliopiga makofi huku wakijua viti viko wazi.

Jumapili iliyopita mchujo ulirudi, ukumbi ule ule. Nilikaa safu ya mbele na Mama. Tonton Faustin, bado mwenyekiti, sasa na fimbo, alikuja akaniinamia sikioni.

"Maman kidogo, jikoni kuko harufu ya kuungua."

"Iungue, Tonton," nilisema kwa sauti, ukumbi mzima usikie.

Akainamisha kichwa, akarudi meza kuu. Kura ya mgombea wetu ilipoitishwa niliinua mkono. Mama alinitazama, kisha akainua wake.