Kasuku wa Kompyuta na Pacha wa Ogwedhi

Tii. Kimya kidogo. Tii. Kimya. Tii, tii.

Huo mlio bado ninao masikioni. Ni kompyuta yetu pale Homa Bay, siku ya kwanza ilipojijaribu yenyewe. Mimi nimekaa mbele yake, mikono nimeikunja kama mtu aliye kanisani. Injinia amesimama nyuma yangu na kikombe cha chai. Na kwenye skrini herufi zinajiandika tu, bila kidole cha mtu: jina la mtoto, jina la mama, kijiji, tarehe ya kuzaliwa. Tii. Anayefuata.

“Umeona?” Injinia akaniuliza, na sauti yake ilikuwa na furaha ya mtoto aliyenunuliwa viatu.

“Nimeona,” nikasema. Moyoni nilikuwa najiuliza, sasa mimi nitafanya nini hapa?

Wacha nieleze vizuri. Hii ni miaka ya tisini, ikielekea kuisha. Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la nyavu, na ukipanda ngazi ulikuwa unasikia harufu ya nailoni mpya mpaka mlangoni. Injinia alikuwa amesomea kompyuta Nairobi, akarudi nyumbani na wazo moja kubwa: programu ya kliniki za watoto. Mama akileta mtoto, karani anamwandika, kompyuta inajua amefikia chanjo gani na arudi lini, printa inatoa kadi. Kliniki zilizokubali kuijaribu zilikuwa chache, za Rangwe, Migori mjini, Ogwedhi, na moja mbali kabisa kule Ntimaru. Watu walimwita Injinia, basi na mimi nikamwita hivyo hivyo.

Mimi nilikuwa nimemaliza Form Four na gredi ambayo nyumbani ilitajwa kwa sauti ya chini. Lakini nilikuwa na ndoto, tena ndoto ya kelele: siku moja na mimi niandike programu. Injinia alinichukua kwa sababu vidole vyangu vilikuwa vyepesi na sikuogopa mashine. Kazi yangu ilikuwa kujaribu. Yeye akibadilisha kitu kidogo tu, hata mstari mmoja, mimi naanza skrini ya kwanza mpaka ya mwisho, naandika watoto wa kubuni, naangalia kama kadi zinatoka sawasawa.

Jamani, niliwapenda wale watoto wa kubuni! Kila mmoja nilimpa mama na kijiji. Huyu mama yake anauza omena, kwa hivyo amechelewa kliniki kwa sababu ilikuwa msimu wa samaki. Yule amezaliwa njiani. Siku moja Injinia aliangalia skrini akakunja uso.

“Kwa nini huyu amezaliwa tarehe ishirini na tisa Februari?”

“Si watoto huzaliwa tu, Injinia? Hawaangalii kalenda.”

Alicheka, lakini jioni alirekebisha hesabu za tarehe.

Nusu nyingine ya kazi ilikuwa kupeleka. Programu ikiwa mpya, naiweka kwenye disketi, nafunga disketi kwa nailoni mvua isiingie, nakwenda kliniki moja baada ya nyingine kuiweka kwa mkono. Nikishaweka, nabaki mpaka kliniki ifungwe, nimekaa kando ya karani. Hapo ndipo nilipojua karani wa Rangwe anaandika kwa kidole kimoja, na yule wa Ntimaru anasoma skrini kwa sauti ili akina mama wasikie. Lakini nisiipambe kazi hiyo kupita kiasi. Barabara ya Ntimaru wakati wa mvua ilikuwa adhabu. Pengine nilifika nikakuta nimesahau faili moja, na kliniki ikashinda bila programu mpya, huku akina mama wakinitazama. Na kujaribu kwa mkono kunachosha. Mchana wa joto la Homa Bay, mtoto wa arobaini ni sawa na wa thelathini na tisa, macho yanaruka.

Basi Injinia akapata ile programu ndogo kutoka kwa rafiki yake wa Nairobi. Ilikuwa inakariri. Unabonyeza vibonye mara moja, inakumbuka ulichobonyeza na skrini ulizoziona, halafu inarudia yote yenyewe. Ikiona skrini ni ile ile, inalia tii. Ikiona tofauti, inalia mlio mrefu wa kukasirika na kusimama. Nikaiita Kasuku, na jina likashika. Asubuhi moja nilimfundisha watoto wangu wote, na kuanzia hapo kazi yangu ya siku mbili ikawa inaisha kabla chai haijapoa.

Tena Injinia hakuishia hapo. Akatengeneza faili ya kujiweka yenyewe. Karani anaingiza disketi, anaandika neno moja, kila kitu kinakwenda mahali pake, hakuna faili ya kusahau. Disketi sasa zilikuwa zinatumwa kwa basi kama kifurushi. Mimi na barabara ya Ntimaru tukaachana.

Nilipaswa kufurahi, sivyo? Lakini wiki ile Injinia aliniita, akazungusha kalamu mezani, akasema polepole, akiniita binti wa Rangwe kwa Kijaluo, kwa sababu ni mtu mpole:

“Nyar Rangwe, mwisho wa mwezi itabidi tuongee. Kasuku anajaribu, disketi zinajiweka. Sitaki kukuweka hapa unafuta vumbi tu. Msichana kama wewe anaweza kupata kazi ya duka.”

“Ni sawa, Injinia.”

Haikuwa sawa. Nilishuka ngazi nikasimama katikati ya nyavu zilizotundikwa, nikajifanya nachagua. Sikutaka duka. Nilitaka ile kompyuta. Kila siku iliyofuata nilikuja mapema na kufuta kibodi mpaka ikang’aa, kana kwamba Kasuku ana vidole vya kuchafua.

Wakati huo huo Injinia alikuwa ameongeza kitu kipya. Kulikuwa na shida ya watoto kuandikwa mara mbili: mama anakuja, anaambiwa arudi, akirudi karani anamwandika mtoto upya. Kwa hivyo Injinia akaiambia programu, ukiona jina la mama ni lile lile, kijiji kile kile, tarehe ya kuzaliwa ile ile, huyo ni mtoto mmoja, mwandike juu ya yule wa kwanza. Ilisikika kama akili nzuri. Kasuku akawapitia watoto wangu wote. Tii, tii, tii, mpaka mwisho. Disketi zikapanda basi.

Siku ya soko la Ogwedhi, simu ya dukani ikalia. Mwenye nyavu akaita ngazini, “Wa kompyuta! Ogwedhi inawataka!” Injinia hakuwepo, nikashuka mimi. Alikuwa karani wa kule, mama mmoja mwenye sauti ya kuita ng’ombe.

“Nyathina, mwanangu, mashine yenu imemeza mtoto.”

“Mama, mtoto gani?”

“Pacha! Nimeandika mkubwa, nimeandika mdogo, wa kwanza hayupo. Namtafuta, mashine inaniletea mdogo. Mama yao yuko hapa na wawili mkononi, mashine inasema ana mmoja. Ninyi huko Homa Bay mna pacha kweli ama mna nyavu tu?”

Mama yule yule, kijiji kile kile, siku ile ile. Nikakumbuka wale watoto wote niliomfundisha Kasuku. Sikuwa nimebuni pacha hata mara moja. Wakati nilipokuwa najaribu kwa mkono, kila mara nilikuwa nabuni wapya, na pengine pacha wangekuja kichwani. Pengine wasingekuja. Lakini Kasuku hakubuni. Alirudia asubuhi ile moja tu, na aliirudia bila kosa.

“Mama, na chanjo?” Niliuliza. “Huyo mkubwa amekosa chanjo?”

Akacheka mpaka simu ikakwaruza. “Yawa! Nesi anachoma mtoto, hachomi skrini. Wawili wamechomwa na wote wanalia. Husikii?”

Nilisikia. Kilio cha watoto wawili, kwa mbali, kupitia waya. Nilikaa juu ya furushi la nyavu, nikashukuru Mungu.

Kesho yake mimi na Injinia tulikwenda Ogwedhi kwa pikapu ya kuazima. Kliniki ilikuwa chumba kirefu chenye jenereta nje, na mama wa pacha alikuwa ameombwa arudi. Wanawake kwenye foleni walikuwa wanamtania kwa matusi ya kuchekesha, kama ilivyo kwa Wajaluo mtu akizaa pacha: wanamtukana yeye, mumewe na tumbo lake, na yeye anawarudishia, na kila mtu anacheka mpaka machozi. Mmoja akamgeukia Injinia.

“Huyu ndiye aliyekula mtoto? Mwangalie, hata tumbo hana!”

“Mpe yule mwingine amalizie,” mwenzake akadakia.

Injinia, mtu wa vitabu, alisimama pale na mfuko wake wa disketi akiona haya. Halafu akaanza kucheka na yeye. Mama wa pacha akanikabidhi mmoja nimshike. Ndiye yule mkubwa, aliyemezwa. Alikuwa mzito na alinukia maziwa, akashika kidole changu na kutaka kukila.

Karani alituletea nyoyo, yaani mahindi na maharagwe ya moto, kwenye sahani moja. “Zamani huyu msichana alikuwa anakuja, anakaa hapa, anakula, anaona tunavyohangaika,” akamwambia Injinia. “Siku hizi mnatutupia disketi kwenye basi. Disketi inakula nyoyo?”

“Disketi inafika haraka, Mama,” Injinia akajitetea. “Tena haisahau faili.”

“Hiyo ni kweli. Sikatai. Tangu ije, sijakaa kutwa nzima kumngoja mtu atoe matope kwenye viatu. Lakini hainiulizi kitu.”

Tulikaa pale mpaka jenereta ikazimwa. Injinia aliangalia zaidi kuliko kuongea. Aliona vumbi la soko lilivyofanya kibonye cha Enter kukwama, karani akibonyeza kinashuka mara mbili. Aliona mama mmoja akitaja kijiji cha kuzaliwa, siyo anakoishi. Alikuwa anatingisha kichwa peke yake kama mtu anayesikia habari za nyumbani baada ya muda mrefu.

Tuliporudi Homa Bay akafanyia kazi ile sheria ya mtoto mmoja. Sasa programu ikiona wawili wanafanana, haiandiki juu ya mtu, inauliza: ni pacha? Nikajaribu kwa mkono, pacha wakakaa wote wawili, salama kabisa. Nilitaka disketi ziondoke saa hiyo hiyo.

“Ngoja,” Injinia akasema. “Kwanza Kasuku.”

Kasuku akaanza. Tii, tii, tii. Nikawa hata simsikilizi. Ghafla ule mlio mrefu wa kukasirika. Tuliangalia: kadi ya mtoto wa Migori, mtoto wa kubuni wa siku nyingi ambaye hatukumgusa, ilikuwa imetoka bila tarehe ya kurudi. Kumbe kurekebisha huku kulivunja kule. Mimi nisingemfikia huyo mtoto, nakwambia ukweli, nisingefikiria hata kumwangalia, maana mawazo yangu yote yalikuwa kwa pacha. Siku hiyo nilimpenda Kasuku kwa mara ya kwanza. Nilikigonga kichwa cha skrini kwa upole, kama unavyompongeza mtoto.

Injinia alirekebisha na hilo, na Kasuku akapita mpaka mwisho. Ilikuwa imebaki siku moja mwezi uishe. Nilijua yanakuja yale ya duka.

“Nimekuwa nikifikiri,” akaanza.

“Ndiyo, Injinia.”

“Kasuku hawezi kufikiria pacha.”

“Hapana.”

“Na wewe huwezi kupitia watoto wote kila siku bila macho kuruka.”

“Macho yanaruka, Injinia.”

“Basi anahitaji mwalimu. Mtu wa kwenda kliniki, kukaa, kuona, kurudi kumfundisha. Na disketi mpya itaanza na kliniki moja tu, wewe ukiwa hapo. Mambo yakitulia, nyingine ziende kwa basi.” Akanywa chai yake, akakuta imepoa. “Na ukipata nafasi, nitakuonyesha jinsi ya kuandika mistari. Kidogo kidogo.”

Sikupiga kelele. Nilisema ero kamano, asante, nikaipanga karatasi ya printa ambayo ilikuwa imepangika tayari. Kifuani kulikuwa kumefunguka, kama mtu amenivua sweta la kubana.

Yeye akashuka kwenda kula. Nilibaki peke yangu na kelele za soko zikipanda dirishani. Nilivuta kiti karibu, nikamwambia Kasuku akariri. Nilikuwa nimekumbuka mama mmoja kwenye foleni ya Ogwedhi, mwenye kichanga ambacho nyumbani kwao hawakuwa wamekubaliana kimwite nani. Nikaandika jina la mama. Nikaandika kijiji, nikaandika tarehe. Kwenye jina la mtoto nikaacha wazi kabisa, nikabonyeza Enter.