Bibo Kwenye Kanzu ya Ijumaa

Jamani, mnicheke tu, mimi mwenyewe nimeshajicheka nikachoka, lakini mpaka leo nikiona mabibo yamepangwa pale Kona ya Musa uso unaniwaka kama nimepigwa kofi.

Nilikuwa mgeni Ukunda, nimeshuka kutoka Kirinyaga kufundisha beibi klasi (hawa wadogo kabisa, akikwambia "mkojo" ujue umeshatoka), na mwenye shule, Bi Mwanasiti, alikuwa bado ananiangalia kama nafaa ama nirudi kwetu. Somo la Ijumaa ile lilikuwa matunda. Niliambiwa nilete ndizi. Mimi na ujuaji wangu nikasema ndizi wanaijua, wacha niwaletee mabibo, lile tunda la mkorosho ambalo mbegu yake inaning'inia nje, walishike, walinuse, walikamue. Korosho niliziondoa, maana nilishasikia utomvu wake unababua, nikabakisha moja ya kuonyesha kwa mbali, nikajiona mwerevu kweli.

"Mbegu iko wapi?"

"Njeee!"

Wakakamua, maji yakaruka, na mbele kabisa ni Bakari, mjukuu wa Bi Mwanasiti, ndani ya kanzu nyeupe pe pe pe, kwa sababu baada ya swala shangazi yake anaolewa na yeye ndiye wa kukaa kando ya bwana arusi. Sikushtuka, nikaona ni maji tu, hayana rangi. Nikamvua, nikaifua, nikaianika juani.

Nilipokwenda kuianua, moyo ulipasuka paa! Kahawia! Kifua kizima, kama bati lililoshika kutu! Nikaimwagia dawa ya madoa, ndiyo kwanza yakakolea. Na Bi Mwanasiti huyo mlangoni.

"Shikamoo," nikasema (na asubuhi tulishaamkiana).

Akaishika ile kanzu. "Mwalimu! Umempa mtoto bibo na kanzu nyeupe?"

"Nitalitoa doa, mama, naapa."

"Utalitoa na nini? Doa la bibo mtu huzikwa nalo! Mvalishe hivyo hivyo, hana nyingine. Nawe utakuja naye, watu wakiuliza utajibu wewe."

Nikaenda, kazi nimeshaihesabu imekwenda. Ndoa ikafungwa uani kwao, nimejibanza nyuma ya akina mama, bwana arusi akamgusa Bakari kifuani, akamuuliza taratibu, "Hii ni nini, babu?"

Mtoto akasimama wima.

"Bibo! Mbegu iko njeee!" Kisha kidole, moja kwa moja kwangu. "Kanipa mwalimu!"

Uwanja mzima ukanigeukia. Nilitamani ardhi inimeze. Kisha kicheko kikalipuka, na wa kwanza kucheka alikuwa Bi Mwanasiti, kajifunika uso na mtandio, mabega yanamtetema.

Jumatatu akanipa ufunguo wa darasa, pamoja na kanzu ile. "Kazi ni yako, mtoto kashika somo. Na hii itundike ukutani."

Iko pale mpaka leo. Na Ijumaa, wallahi (nimeshakuwa mtu wa huku), mimi sigusi tunda lolote, Ijumaa tunaimba tu.