Mwalimu Bura na Akaunti Saba za Oloipiri

Jamani, tangu asubuhi nimempigia simu Mwalimu Bura mara mbili. Najua amefariki. Mimi ndiye niliyebandika tangazo la msiba kwenye ubao wa walimu, halafu nikatoka nje nikapiga namba yake.

Presha ilimwangusha juzi darasani, chaki mkononi. Hospitali alifika akiwa hai. Jioni hatukuwa naye tena.

Kwa msiomjua: alikuwa mwalimu wa jiografia shuleni kwetu, hapa Karatu. Mimi ni mhudumu wa chumba cha kompyuta. Niliishia kidato cha nne, na niko kwenye mkataba wa miezi sita sita.

Yeye ndiye aliyetuletea mfumo wa masomo ya online, ule wa bure ambao shule inaupakua na kuurekebisha yenyewe. Walimu wenzake walimcheka. "Cha bure kikiharibika unamwita fundi gani?"

Akajibu, "Fundi ni mimi na Foibe."

Foibe ndiye mimi. Wala hakuniuliza kwanza!

Alinifundisha kuandikisha wanafunzi, kupanga masomo, kufungua na kufunga majaribio. Nikisita ananiambia, "Dada Foibe, bonyeza tu, haiumi." Akiona nilivyopanga mafaili kwa tarehe anasema, "Wewe hata kuku wako nina hakika wana namba za mtihani."

Aliwafikiria zaidi wanafunzi wa mbali. Likizo ndefu wale wa vijiji vya wafugaji, Soitsambu na Oloipiri, wanakwenda kuchunga, na wakirudi wamesahau nusu ya walichosoma. Wengine hawarudi kabisa, hasa wasichana.

Likizo moja wa Oloipiri walikuwa saba, na simu moja, ya kaka wa mmoja wao. Walikuwa wanapokezana juu ya kilima, palipo na mtandao. Mfumo ulidai kila mwanafunzi awe na barua pepe. Hawakuwa nayo, basi Mwalimu akawaandikisha wote saba kwa barua pepe yake moja ya zamani. Akasahau kuniambia, na anwani ile mimi sikuijua.

Mimi naandika dayari kila siku tangu nikiwa shule. Ijumaa moja ya likizo ile nimeandika hivi: "Leo nimesafisha mfumo. Nimekuta akaunti saba, barua pepe moja, simu moja. Nadhani ni mtoto mmoja anachezea majina. Nimezifuta zote. Mfumo uko safi."

Neno "safi" nimelipigia mstari.

Kazi zao za likizo zilikwenda, na alama zao. Backup tuliyokuwa nayo ilikuwa ya kabla ya likizo.

Jumatatu mkuu wa shule akatuita ofisini, mimi na Mwalimu Bura; watoto wa Oloipiri walikuwa wamempigia simu. "Nani amewafuta hawa watoto?"

Nikaangalia viatu vyangu. Mkataba wangu ulikuwa unaisha mwezi uleule.

Mwalimu Bura akasema, "Ni mimi, mkuu. Nilibonyeza bila kuangalia vizuri."

Akapewa barua ya onyo. Kwenye chumba cha walimu, waliokuwepo likizo ile wakamtania, "Fundi wa cha bure, sisi utatufuta lini?" Akacheka nao. Mimi nikampelekea chai.

Wiki hiyohiyo akapanda pikipiki hadi Oloipiri na madaftari mgongoni, wale saba warudie kazi kwa mkono. Shule ilipofunguliwa sita walirudi. Naserian hakurudi.

Naserian alikuwa akimwonyesha baba yake alama kwenye simu kila wiki, ili aamini kwamba anachunga na bado anasoma. Siku moja amefungua, jina lake halipo. Mzee akasema shule imemkataa binti yake, basi yaishe.

Mwalimu alimsihi. "Mzee, kosa ni letu, si la mtoto."

Mzee akamjibu, "Mwalimu, jana ulisema yumo. Leo hayumo. Kesho utasema nini?"

Mwalimu alinisimulia hayo huku anakung'uta vumbi kwenye koti lake. Nikamwambia, "Pole, Mwalimu." Basi. Hilo tu ndilo lililonitoka mdomoni.

Miezi minane imepita. Dayari yangu imejaa sentensi moja: kesho nitamwambia.

Jana mkuu aliniomba niingie kama admin, nitoe masomo ya marehemu apewe mwalimu mwingine. Mfumo ule hutunza kumbukumbu ya kila mtu na alichobonyeza. Nikaitafuta ile Ijumaa. Jina langu lipo, nimefuta, mara saba.

Nikashuka chini hadi Jumatatu. Asubuhi, kabla hatujaitwa ofisini, ukurasa huohuo wa kumbukumbu ulifunguliwa na Mwalimu Bura.

Alijua. Aliingia kwenye kile kikao akijua ni mimi.

Mwalimu, sijui kama ulikuwa unanilinda, au ulikuwa unanisubiri niseme mwenyewe. Tumekaa chumba kimoja miezi minane. Chai yangu uliinywa, ukaniuliza habari za nyumbani, na hukuwahi kunikazia macho hata siku moja. Hicho ndicho kinachoninyima usingizi.

Mkuu wa shule, najua unasoma hapa. Aliyefuta ni mimi, Foibe. Naomba ile barua ya onyo itolewe kwenye faili lake kabla hatujamzika, iwekwe kwenye langu. Mkataba ukiisha, uishe.

Wenzangu mliomtania, mlimtania kwa kosa langu.

Baba yake Naserian hatasoma haya, kwa hiyo nitamfuata mwenyewe tukishazika. Nitamwambia shule haikumkataa binti yake, ni mimi nilimfuta kwa mkono wangu. Huenda Naserian ameshaolewa. Sijawahi kuuliza, kwa sababu niliogopa jibu.

Umebeba vya kutosha, Mwalimu Bura. Lala, kaka yangu. Hili niachie, ni langu.